Jogoo wa Miguu Mifupi Niliyempeleka Msibani

Jamani, kuna aibu ambazo mtu unazificha hata mwenzako wa ndani asizijue, na kuna aibu ambazo huwezi kuzificha kwa sababu mtaa mzima wa Lisekese ulikuwepo inakutazama umechuchumaa unawika. Yangu ni ya hiyo aina ya pili. Mpaka leo nikipita sokoni Masasi kuna akina mama wananiita "Kokoriko", na mimi naitika, maana nifanyeje, na ni mtu mwenye shahada tatu na koti jeupe la maabara lililotariziwa jina langu kifuani. Basi acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wale wanaoongeza chumvi (wapo wanaosema nilipanda mpaka juu ya paa, huo ni uongo, paa sikupanda).

Kazi yangu mimi ni vinasaba. Nachunguza jinsi viumbe walivyobadilika kizazi hadi kizazi, nani katoka kwa nani, kwa nini huyu ana pembe na ndugu yake hana. Nilianza na samaki, nikahamia mbuzi, na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kupima sampuli za watu wengine, halafu makala ikitoka jina langu linakaa mkiani huko, baada ya majina ya watu ambao hata harufu ya yule mbuzi hawaijui. Ndipo nikasema na mimi nitafute swali langu mwenyewe, na swali lenyewe nikalikuta nyumbani kwetu Mkomaindo, kwenye banda la kuku la mama yangu. (Mama aliponiuliza ni nini hasa nilichokuwa nasomea muda wote ule, nikamwambia ni kuku, akasema, "Kuku mbona tulikuwa nao hapa hapa, mwanangu.")

Swali lilikuwa hili. Kwetu kuna kuku wa miguu mifupi, wale wanaotembea tumbo linakaribia kufagia uwanja, nadhani mmewaona. Kila anayewafuga anaijua kero yao, ukiwaatamisha hukosi mayai viza, hata tetea awe hodari namna gani. Sababu imo ndani ya damu. Ile jeni inayofupisha miguu, kifaranga akiirithi kwa mzazi mmoja anatoka mfupi na maisha yanaendelea, lakini akiirithi kwa baba na akairithi tena kwa mama, anafia ndani ya yai. Kwa hiyo wafupi wawili wakizaa, watoto wengine wafupi, wengine warefu, na wengine jua hawalioni. Hilo wataalamu wanalijua siku nyingi. Mimi nilitaka kujua kitu kinachoua watoto namna hiyo kimewezaje kukaa na kuku wetu vizazi vyote hivi bila kupotea.

Sasa sikilizeni. Nikiwa kwenye mahangaiko hayo nikapata habari kwamba kule Newala, Mkunya, kuna mzee mkulima wa korosho na muhogo, anaitwa Baba Hamisi, ambaye kuku wake jogoo mfupi, matetea wafupi, vifaranga vyote vifupi, na mayai yanaanguliwa yote. Yote, hakuna viza. Niliposikia hivyo nilikuwa nakunywa chai na ile chai sikuimaliza, nilisimama nikaanza kuzunguka meza kama mtu aliyepotelewa na ufunguo. Kwa sababu kama ni kweli, basi ama kuku wa mzee huyu wamepata jeni nyingine tofauti kabisa, ama wamepata kitu kingine cha kuwaokoa na ile inayoua, na vyovyote itakavyokuwa, hilo ni jambo ambalo mtu wa kazi yangu anaweza kulisubiri maisha mazima asilipate. Na limo Mkunya, mwendo wa pikipiki tu kutoka kwa mama.

Pikipiki naendesha mwenyewe (watu wa Masasi walishachoka kunishangaa). Nikapandisha mlima asubuhi na baridi yake, nikafika Mkunya, nikamkuta Baba Hamisi anafyeka chini ya mikorosho yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe daktari wa kuku?"

"Ndimi, baba."

"Basi umechelewa. Ugonjwa wa kideri umepita hapa, umezoa wote."

Nadhani uso wangu ulionekana ulivyobadilika, kwa sababu mzee alinihurumia akasema, "Si wote wote. Kabaki mmoja mkaidi." Akapiga mluzi, na kutoka nyuma ya ghala la muhogo akatokea jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi, kifua mbele, anatembea kwa madaha kabisa, na miguu hakuna. Yaani ipo, ila ni kama vidole vimeota moja kwa moja tumboni. Sijawahi kuona kiumbe kizuri namna ile. Nilichuchumaa nikamtazama, naye akanitazama kwa jicho moja, kisha akageuza shingo akanitazama kwa la pili, na mimi machozi yakanilengalenga, nasema kweli. Alikuwa ndiye wa mwisho wa ukoo wake. Chochote kilichokuwa kimeokoa mayai yale yote kilikuwa kimebaki ndani ya damu ya huyu peke yake, na akifa, kimekwenda.

Baba Hamisi hakunisumbua. Alisema jogoo amekuwa mpweke tangu wenzake waondoke, hali vizuri, na kama nitamtafutia matetea basi nimchukue tu. Akanipa na tenga la kumbebea.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuchukua damu. Tone moja la kwenye mshipa wa bawa, unalidondoshea kwenye kikaratasi maalumu, linakauka, kazi imekwisha, hata jogoo akifa kesho wewe unacho unachokitaka. Vikaratasi ninavyo mkobani, sindano ninayo, jogoo mwenyewe katulia. Lakini jioni ile Profesa wangu, yule aliyenifundisha kazi, alikuwa amesema atanipigia kwa video, na Profesa alikuwa na tabia ya kuuita utafiti wangu "mambo yako ya kuku wa kwenu", kwa hiyo nikajitia ujanja, nikaona nimfikishe jogoo nyumbani, nimwoshe vumbi, nimwinue mbele ya simu, na damu niichukue Profesa akiwa anaangalia kwa macho yake. Nikasema moyoni, damu nitachukua nyumbani. Ni hayo maneno matatu tu yaliyoniponza.

Nikateremka mlima naimba. Jogoo tengani nyuma yangu, upepo unavuma, na mimi kichwani nimeshaandika makala nzima, jina langu ndilo la kwanza, tena la kwanza peke yake. Nilipokaribia Masasi simu ikaita, nikasimama pembeni nikapokea, ni mama.

"Uko wapi?"

"Nakaribia Lisekese, mama."

"Vizuri. Ingia kwa Mama Danieli umpe pole. Mzee wake tumemzika juzi na wewe hukuja. Mimi niko hapa hapa jikoni, usije ukapita na hilo pikipiki lako watu wakabaki wananitazama mimi."

Nikaingia. Ningekataaje? Nyumba imejaa watu, wanaume kwenye viti upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, jua kali la kupasua kichwa. Nikaegesha pikipiki, nikamtazama jogoo, nikaona anahema mdomo wazi. Nikimwacha hapa juani atakufa. Basi nikalifungua tenga nikalibeba, nikaingia nalo msibani.

Sasa ninyi mnajua, sina haja ya kuwaeleza, mtu akiingia msibani kabeba unga, unga ule si wa kurudi nao. Akiingia na kuni, kuni zile zimefika. Akiingia na kuku je? Mimi nilizaliwa hapa, nimekulia hapa, na siku hiyo kichwa changu chote kilikuwa kwenye vinasaba, jambo hilo halikunijia kabisa mpaka wanawake wa jikoni waliponipokea tenga kwa mikono miwili huku wamepiga magoti kidogo.

"Karibu, Mama Upendo. Na kuku umetuletea. Mungu akuzidishie ulipopunguza."

"Ee, asanteni, ila huyu..."

"Tena jogoo," akasema mwingine. "Wasomi wengine wanakuja mikono mitupu."

Na mama yangu mzazi amesimama pale, mwiko mkononi, ananitazama kwa fahari ambayo hata siku ya mahafali yangu sikuiona. Niambieni, ningesemaje? Kwamba jamani nirudishieni, huyu si wa kwenu, nilimleta apumzike kivulini? Nikasema tu, "Haya," nikaenda kumpa pole mfiwa.

Mama Danieli alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Waliokaa naye waliniambia kwa kunong'ona kwamba tangu mzee azikwe hajala, hajalia, hajasema neno, uji unaletwa unapoa unaondolewa. Alipokea mkono wangu bila kunitazama. Nilikaa pale nikiwa na huzuni ya kweli, kwa sababu mzee yule tulimfahamu toka utotoni, alikuwa akigonga kengele ya kanisa na kutufukuza kwenye maembe yake, lakini nitawadanganya nikisema sikuwa natupia jicho jikoni.

Ndipo akaingia Baba Stela. Huyu ni mtani wetu. Ukoo wa mama yangu na ukoo wa akina Baba Stela ni watani tangu mababu, na akina marehemu vilevile ni ukoo wetu, kwa hiyo msiba ule ulikuwa uwanja wake. Alikuwa amevaa koti la marehemu nyuma mbele na ameshika fimbo ya marehemu, anachechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea, anawakaripia wafiwa kwamba mbona mmenizika bila tumbaku yangu. Mtani msibani anachukua anachotaka, anasema anachotaka, na wewe unacheka au unanyamaza. Kukasirika ndiyo hairuhusiwi. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua.

Baba Stela akaenda jikoni, akafunua tenga, akamwinua jogoo wangu juu watu wote wamwone.

"Huyu amekaa au amesimama?" akauliza.

Watu wakacheka. Akamweka chini, jogoo akatembea hatua zake, Baba Stela akamfuata naye amepiga magoti. "Mwenzangu huyu katoka huko kwao kwa magoti kuja kunililia mimi, na ninyi mna miguu mirefu mmechelewa mazishi." Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka, kicheko cha meno matupu, maana nilikuwa naona kisu kiko wapi.

Nikapanga mpango. Nikajichomoa kimya kimya, nikaenda nyumba za jirani kutafuta kuku wa kubadilishana, nikapata majogoo wawili wakubwa, warefu, yaani wale wa kujaza sufuria. Nikasema nitawaingiza jikoni, nimtoe wangu, wawili kwa mmoja nani atalalamika. Nikarudi mbio nimewaning'iniza kichwa chini mkono huu na mkono huu, kilemba kimenidondoka njiani, nikaingia nyuma ya jiko, nikaona tenga liko tupu.

"Yuko wapi jogoo wangu?"

"Jogoo wako?" Baba Stela alikuwa ananyonyoa kwenye beseni la maji ya moto. "Msibani hakuna cha wako."

"Baba Stela, yule ni wa utafiti."

"Na mimi nimeshamtafiti. Ana mafuta."

Hapo jamani damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaona Mkunya, nikaona mayai yote yale yasiyo na viza, nikaona jina langu la kwanza peke yake, vyote vinaelea kwenye beseni. Nikawaachia wale majogoo wawili wakakimbilia chini ya viti vya wanaume, nikamnyooshea kidole mtu mzima, mtani wa ukoo wetu, mbele za watu, nikasema kwa sauti ambayo nadhani hata kule barabarani ilisikika, "Wewe ni mwizi. Nakwenda kituoni sasa hivi, nakuletea polisi."

Aliyekuwa anatwanga akasimamisha mchi juu. Mama yangu akashusha mwiko polepole, akajifunika uso na kanga. Nilijua palepale nimefanya nini, jamani nilijua, na mtu mwenye akili angepiga magoti akaomba radhi. Mimi nikakimbilia walipochinjia.

Nilitaka damu. Nilikumbuka bado inaweza kuwa mbichi, na ndani ya mkoba nilikuwa na vikaratasi vyangu. Nyuma ya jiko palikuwa na jiwe, na kisu, na mchanga umelowa, na nikapiga magoti na gauni langu la heshima nikaanza kupangusa, kikaratasi hiki kwenye kisu, kile kwenye jiwe, kingine kwenye mchanga, huku naandika pembeni kwa kalamu. Nikiwa katikati ya kazi ndipo nikatambua kwamba kuku waliochinjiwa pale asubuhi ile walikuwa wengi, damu yao wote imechanganyika, na nilichokuwa napangusa hakina maana yoyote. Lakini mikono iliendelea tu.

"Mama Upendo, hiyo damu unaipeleka wapi?"

Nikageuka. Wanawake kama nusu ya msiba wamesimama nyuma yangu. Sasa hebu jitazameni ninyi wenyewe: nyumba ya msiba, mfiwa haongei, na nyuma ya jiko mwanamke aliyetoka kutishia watu anapangusa damu ya kuku kwa vikaratasi vilivyoandikwa na kuvificha mkobani. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Wakanirudisha uwanjani. Wakanisimamisha mbele ya mkeka wa mfiwa na vikaratasi vyangu mkononi, na mama akasema kwa sauti ndogo sana, "Eleza, mwanangu. Eleza vizuri."

Basi nikaeleza. Nilianza kwa kuomba radhi, nikasema mimi ni mtu wa kazi gani, lakini ninyi mnanijua, nikishaanza kuyasema haya siwezi kwenda taratibu. Kufika kwenye mayai nilikuwa nimeshasahau kama mimi ni mshitakiwa. Nikachora mchangani kwa fimbo, jogoo hapa, tetea hapa, jeni moja kwa baba, jeni moja kwa mama, huyu mfupi, huyu mrefu, huyu amefia ndani, na nikasema kule Mkunya huyu wa tatu hafi, jamani hafi, anaanguliwa anatembea, na hakuna mtu hapa duniani anayejua kwa nini.

Mzee mmoja kwenye viti akainua mkono. "Kwa hiyo yale mayai viza si radi?"

"Si radi, baba. Kwa kuku hawa wafupi, si radi."

"Na mimi naweka mkaa kwenye kiota miaka yote kuikinga radi."

Watu wakaanza kucheka, na wakati huohuo simu yangu ikaita ndani ya mkoba. Nilipoitoa ilikuwa ni Profesa, na ni video, na si jioni bado, alikuwa ameamua kuwahi. Kabla sijajua nikate au nipokee, Baba Stela alishaichukua na kuipokea.

"Shikamoo Profesa," akasema, koti nyuma mbele.

"Marahaba. Samahani, namtafuta Daktari. Nasikia ana jogoo wa kunionyesha."

"Yupo." Akaipeleka simu jikoni, akaiinamisha juu ya sufuria. "Huyu hapa, anakaribia kuiva."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampokonya simu, na Profesa mle ndani anatazama mvuke, haelewi, nikamweleza haraka haraka kwa pumzi moja, msiba, mtani, kisu, damu imechanganyika, wa mwisho wa ukoo wake, nimeua kila kitu. Profesa akasubiri nimalize, akavua miwani.

"Na manyoya?" akauliza.

Jamani. Somo la kwanza kabisa ninalowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kwamba damu si lazima, shina la unyoya mmoja mkavu linatosha, linakupa vinasaba vyote unavyotaka, nimelisimamia ubaoni mara nyingi hata sizihesabu. Na pale nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga napangusa damu. Nikapiga ukelele, "Tenga! Tenga liko wapi?"

Kwa sababu manyoya ya kwenye beseni yalishachemshwa na kuchanganyika, lakini ndani ya tenga alikaa yeye peke yake kutoka Mkunya, na kuku akirushwarushwa na pikipiki barabara nzima lazima apukutike. Wanawake wakatazamana. Tenga limekwisha kujazwa mihogo iliyomenywa, linapelekwa kisimani kuoshwa. Mngeniona mimi, Mama Upendo, ninavyokata uwanja, na nusu ya msiba nyuma yangu, hata wazee waliacha viti vyao, tukamkuta mwanamke aliyelibeba karibu na ndoo, tukamshusha, tukamwaga mihogo ya watu juu ya majani, na pale kwenye vifito vya tenga, yamenasa, manyoya mekundu na meusi, makavu, safi, na mashina yake. Nilipiga vigelegele. Wenzangu nao wakapiga, sijui walijua tunashangilia nini lakini walipiga kwa nguvu. Tukayachambua moja moja tukiyatia kwenye bahasha, na yule mzee wa mkaa ndiye aliyekuwa akinishikia bahasha.

(Niwape majibu hapa hapa msije mkakosa usingizi. Manyoya yale yalikuja kuonyesha kwamba jeni ya jogoo yule si ile inayoua, ni nyingine, imekaa mahali pengine kabisa, na siku nilipoiona kwenye kompyuta niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Lakini jogoo wa kumzalisha ndiye sina tena, na kila nikilifikiria hilo roho inauma.)

Tuliporudi uwanjani nilidhani yamekwisha. Baba Stela akagonga fimbo ya marehemu chini.

"Ya jogoo tumemaliza. Tuje ya polisi."

Nikajua sina pa kukimbilia. Anayemkasirikia mtani msibani anatozwa faini, na mtani ndiye anayeitaja. Mama yangu hakuinua hata kope kunitetea. Baba Stela akafikiri, akazunguka, akasema, "Umetunyima kumsikia mwenzetu akiwika. Basi wika wewe. Na utembee kwa miguu ileile."

Nilitazama huku na huku nikaona watu wote wanangoja. Nikakunja gauni, nikachuchumaa mpaka chini, nikaweka mikono kiunoni kama mabawa, nikaanza kuzunguka mikeka kwa vihatua vile vifupi, magoti yanalia, nikawika. Mara ya kwanza sauti ilikwama. "Huyo ni kifaranga," akasema Baba Stela. Nikawika tena kwa nguvu zangu zote, shingo nimeinyoosha, na wale majogoo wawili niliowaachia, huko chini ya viti, mmoja akanijibu.

Hapo ndipo nikasikia kicheko kinatoka mahali ambapo hapakuwa na sauti. Alikuwa ni Mama Danieli. Kanga imemwanguka mabegani, mkono ameuweka kifuani, anacheka mpaka anayumba, anasema, "Mzee wangu, njoo uone, mzee wangu." Uwanja mzima ukamgeukia yeye wakaniacha mimi nimechuchumaa vilevile.

Alipotulia akasema ana njaa. Jikoni wakagombania nani ampakulie. Wakamletea ugali wa muhogo na paja la jogoo yule, nililitambua kwa ufupi wake, na akaniita nikae karibu naye. Akamega, akatafuna polepole, macho kwangu.

"Ndiye huyu uliyetaka mtu afungwe kwa ajili yake?"

"Ndiye, mama. Nisamehe."

Akatafuna tena, akalimaliza paja lote, akausafisha mfupa vizuri, akanikabidhi mkononi.

"Haki yako," akasema.

Kisha akanawa, akajipangusa, akavuta kanga yake. "Sasa nimepata nguvu," akasema, "acheni nimlilie mume wangu." Akalia, kilio kikubwa cha sauti, na mama yangu akaja akamshika, na wanawake wote wakaja, na mimi nikiwa katikati yao na mfupa mkononi nikalia pia, sikuwa namlilia jogoo tena.

Ule mfupa ninao maabara. Na tangu siku hiyo nimejiapiza, damu naichukua palepale ninapomkuta kuku, Profesa aamini asiamini, na msibani nakwenda na unga.